Udongo wa Upande wa Mfereji

Elizabeth, Australia Kusini
20 Januari 1997

Mdogo wangu Wilf,

Kadi yenu wewe na Hilda imefika, pamoja na mistari minne uliyoandika chini yake kuhusu Mama. Mistari minne, Wilf. Mwanamke amekuzaa, amekulea, akakufulia soksi zenye tope la uwanja wa Tenter Lane mpaka ulipooa, halafu ukaona mistari minne inamtosha. Najua kalamu si jembe na mkono wako haujaizoea. Nimekusamehe, ila nataka ujue kwamba nimeihesabu.

Mwili wake ulichomwa Ijumaa iliyopita, kwa utulivu, tukiwa watu tisa. Majivu yake yako hapa juu ya kabati la vyombo, na nje joto ni nyuzi thelathini na tisa. Kila nikipita namwambia avumilie, tunaondoka karibuni.

Maana tunaondoka kweli. Wiki zake za mwisho jambo alilonisisitizia lilikuwa moja tu, kwamba awekwe na Baba. Nimeshakata tiketi. Nitatua Manchester tarehe 28 Aprili, na Jumamosi ya tarehe 3 Mei nitakuwa nimesimama kwenye ngazi za Upande wa Mfereji kwa mechi ya mwisho. Gazeti ulilonitumia linasema Juni matingatinga yanaingia na nyumba zinajengwa. Kwa hiyo ni sasa au basi tena. Tutammwaga Mama nyuma ya goli, pale pale ulipommwaga Baba mwaka 1974, kisha wewe unichotee udongo wa hapo nirudi nao, wote wawili pamoja, niwaweke bustanini kwangu chini ya waridi. Sitaki jiko la mtu likae juu ya wazazi wangu.

Mimi sikuja kumzika Baba. Watoto walikuwa wadogo, Australia ilikuwa mbali kuliko ilivyo sasa, na hayo yote uliyaelewa. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kujisamehe. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikijituliza kwa kuiwazia sehemu ile, hatua tatu nyuma ya nyavu, upande wa kushoto. Nataka niiguse kwa mkono wangu kabla haijaondoka.

Nijibu upesi, na uzidishe mistari.

Dada yako,
Enid


Kelbeck
3 Februari 1997

Dada Enid,

Salamu kutoka kwenye baridi. Uwanja umeganda na mechi mbili zimeahirishwa, hivyo muda wa kuandika ninao, na mistari nitakupa mpaka uchoke.

Katibu wa klabu, Bwana Priestnall, amenipa kazi. Anataka kijitabu cha mechi ya mwisho kiwe na historia nzima ya uwanja, na ameniomba niiandike mimi, kwa sababu anasema hakuna aliyekaa hapa muda mrefu kuliko mimi isipokuwa nguzo za jukwaa kuu, na zile hazijui kusoma. Miaka thelathini na tisa nimetunza nyasi za watu, sasa nimekuwa mwandishi. Hilda anacheka mpaka anashika ubavu.

Nimeanza na wenye kiwanda cha sufu, waliokuwa wakitandaza vitambaa hapa vikauke, wakivining'iniza kwenye vyuma vyenye ndoano. Ndoano hizo bado nazipata nikichimba, nina kopo zima. Mwaka 1888 vijana wa kanisani waliomba kiwanja siku ambazo hakuna vitambaa, wakacheza na wenzao wa kiwandani wakafungwa saba bila. Walivalia nguo zao baani ng'ambo ya barabara, na nadhani ndiyo sababu ya yale mabao saba. Jukwaa kuu lilijengwa 1911. Vita vya kwanza, jeshi likaleta farasi malishoni, na mtunza uwanja wa wakati ule alisema nyasi hazijawahi kustawi vile kabla wala baada. Mwaka 1934 watu elfu thelathini na moja waliingia siku moja, Baba akiwa mmojawapo, wakabanana hivi kwamba aliinuliwa miguu ikaning'inia nusu nzima ya kwanza. Bomu la 1941 lilichimba shimo kwenye winga ya kulia, likafukiwa kwa vifusi vya kanisa, na mpaka leo mpira ukidunda pale unakwenda unakotaka wenyewe. Taa ziliwashwa 1961. Jukwaa la viti lilijengwa 1990. Hapo ndipo nilipofika.

Unamkumbuka yule mama aliyekuwa akiuza chai chini ya ngazi? Jina lake limenitoka kabisa.

Kuhusu Mama, sioni haraka. Mwezi Mei ardhi ya hapa bado nzito, na siku ile patakuwa na vurugu za watu wanaong'oa nyasi na viti. Labda ungemwacha apumzike huko huko kwenye jua. Mama alipenda jua.

Mdogo wako,
Wilf


Elizabeth
17 Februari 1997

Wilf,

Mama alilichukia jua. Miaka minane aliyokaa kwangu alikaa kibarazani kivulini akiuliza mvua itanyesha lini. Unajua hivyo, maana kila Jumapili alikupigia simu kulalamika.

Basi tuseme ukweli. Najua hukupenda nilipomchukua Mama mwaka 1989. Ulisema macho yake yangeweza kutunzwa Kelbeck vile vile, nami nikasema nyumba yenu ina ngazi kama za mnara. Tukatupiana maneno, na tangu hapo tumekuwa tukizungumza kuhusu hali ya hewa. Kama ndiyo sababu hutaki nije, sema. Mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na tisa, nitabeba. Lakini usinizuie kumpeleka mama yangu kwa mumewe kwa kisingizio cha tope, wewe ambaye umeishi kwenye tope maisha yako yote.

Muuza chai aliitwa Nellie Crabtree. Chai yake ilikuwa na ladha ya kabichi, na Baba alikuwa akiinywa mpaka chini kwa heshima.

Historia yako nimeisoma mara mbili na imenichekesha, hasa farasi. Ila hebu niambie, mwandishi mzima unarukaje kutoka taa za 1961 mpaka viti vya 1990? Ulilala miaka thelathini? Ndiyo miaka yenyewe ya kazi yako. Ndiyo miaka aliyolala Baba pale. Rudi ukaandike upya.

Enid


Kelbeck
10 Machi 1997

Dada yangu Enid,

Barua hii nimeichana mara tatu. Hii ya nne nitaitia sandukuni vyovyote itakavyokuwa.

Sina kinyongo kuhusu Mama. Ulimtunza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na ningekuwa nimeshakuambia kama ningekuwa mtu wa kusema. Sababu ya kutotaka uje ni nyingine, na ni aibu yangu mimi peke yangu.

Baba hayupo Tenter Lane.

Kiangazi cha 1983 waliamua kuufumua uwanja wote na kulaza mabomba ya kutoa maji. Kazi ilipangwa kuanza Jumatatu ya pili ya Juni. Nilikuwa nimekubaliana na katibu wa wakati ule kwamba kabla ya mashine kuingia nitachimba kwa mkono nyuma ya goli la Upande wa Mfereji, kwa kuwa Baba hakuwa peke yake. Familia ishirini na sita zilikuwa zimeweka watu wao pale. Kila mmoja alikuja kwangu na kikopo chake siku isiyo na mechi, nami nikafungua geti, nikapiga reki baadaye. Basi mimi na Hilda tukaenda Scarborough wiki moja kabla. Wakandarasi wakamaliza kazi ya kwingine mapema, wakaja wiki ileile. Niliporudi nilikuta shimo lenye kina cha futi mbili kutoka kibendera hadi kibendera, na lori la mwisho likipakiwa.

Lile la mwisho niliutambua udongo wake. Mlangoni mwa goli nyasi hufa kila msimu wa baridi, nasi hutupa mchanga, mwaka baada ya mwaka, hivyo udongo wa pale ni mweupe kuliko wa sehemu nyingine yoyote. Lori zima lilikuwa jeupe. Nikapanda kando ya dereva, nikamwomba aumwage kwenye kibustani changu cha kukodi kule kando ya reli. Hakuniuliza chochote. Malori yaliyotangulia sijui yalikwenda wapi, ila nina hakika kwamba watu wetu walikuwa kwenye lile, kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika ya udongo.

Sikumwambia mtu. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, ya pili nikaogopa, na baada ya mwezi ilionekana nimechelewa. Nyasi mpya ziliota, familia zikaendelea kuja na maua nyuma ya goli, nami niliwafungulia geti na kuinamisha macho yangu wasiyaone. Waliokuwa wakiupa maua ni udongo mpya wa wakandarasi, ulionunuliwa kwa mkulima mmoja wa Lincolnshire ambaye hatumjui. Mama naye kila Agosti alinipa shada la kuweka. Lile nilikuwa nalipeleka kando ya reli.

Tena kuna jambo baya zaidi, na bora ulijue lote. Kitanda kile sikuweza kukiacha kitupu, wenzangu wa bustani wangeuliza. Nikapanda vitunguu vya liki. Zimeota liki nene kama mkono wa mtu, nazo zimechukua kikombe cha maonyesho mara tatu. Nilikuwa nikimpelekea Mama kila wiki.

Sasa Bwana Priestnall ameandika barua kwa familia zote. Mchungaji atasoma sala kabla ya mechi, na kila familia itapewa kisanduku cha mbao chenye udongo wa Upande wa Mfereji. Anayevijaza ni mimi. Nimejaza vinne, na vimeshachukuliwa. Cha tano nimeshindwa. Nimekaa nacho mapajani bandani mwangu nikaona nitakuwa nimewazika watu hawa kwa uongo mara ya pili. Na nikisema, nitaondoka Kelbeck nikiitwa mwizi wa maiti, mwezi uleule waliopanga kunipa saa ya ukutani kwa utumishi mwema.

Sijui nifanye nini, Enid. Usije kwa ajili ya lile goli. Hakuna kitu pale.

Wilf


Elizabeth
14 Aprili 1997

Wilf,

Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu, na usidhani nilisahau. Wiki ya kwanza sikutaka hata kuliona jina lako. Nilikuwa nikiosha vyombo na kukutukana. Miaka kumi na minne nimekuwa nikifumba macho na kukiwaza kiwanja cha mkulima wa Lincolnshire. Hilo linauma, na sitalifunika kwa adabu.

Wiki ya pili nikakumbuka kitu. Mwaka jana, siku ambazo akili ya Mama ilikuwa ikija na kuondoka, alinisimulia kwamba zamani alipita njia ya reli mvua ikinyesha, akakuona bustanini unasawazisha udongo mweupe kwa reki, kichwa wazi, kofia umeitundika kwenye uzio. Akasema, "Wilf hajavua kofia hata mbele ya askofu. Nikajua amemleta baba yenu Harold nyumbani." Akacheka, kisha akalia. Nilimpa kidonge chake nikamwambia alale. Nilidhani anaota.

Kwa hiyo alijua, Wilf. Tangu siku ile ile. Nami ndipo nikamwelewa jambo jingine. Alikuwa akisema tumbo lake halipatani na liki zako, na zote alizipeleka kwa Bi Bottomley mlango wa pili. Siku moja nilimuuliza kwa simu kwa nini asikuambie uache kuleta, akanijibu, "Nimempikia mwanamume yule miaka arobaini na saba. Siwezi sasa kumpika yeye." Nilidhani amekuchanganya wewe na Baba. Sikumwelewa hata chembe.

Nimemuuliza sana hapa mbele ya kabati kwa nini hakukuambia. Nadhani aliona kwamba akisema anajua, utalazimika kuwaambia na wengine, na aliogopa kazi yako. Alikulinda kwa kunyamaza, nawe ukamlinda kwa kunyamaza, mkakaa hivyo mezani miaka sita mkila kuku.

Na kuhusu mahali, nimerudia maneno yake kichwani. Alisema, "Niweke na Harold. Wilf anapajua." Hakuitaja Tenter Lane. Tenter Lane niliiongeza mimi.

Basi nakuja kama nilivyopanga, na Mama anakuja. Utanipeleka kando ya reli. Udongo sitachota, wala waridi langu halihitaji mtu. Lakini nina sharti. Hiyo historia yako uimalize. Mwaka 1983 uuandike, kwa mkono wako, kabla kijitabu hakijakwenda kuchapwa. Mimi nilikuwa na Mama wa kunieleza. Wale ishirini na watano hawana.

Kama watakutemea mate, nitakuwa nimesimama kando yako, nami nina mdomo, unaujua.

Dada yako,
Enid


Kelbeck
29 Juni 1997

Dada Enid,

Hilda anasema ulifika nyumbani salama, ila miguu iliyovimba kwa ndege bado inakusumbua. Iweke juu ya kiti.

Uliponiacha uwanja wa ndege Jumanne ile baada ya mechi uliniagiza nikuandikie yote yatakayotokea, mazuri na mabaya, kwa hiyo nayaandika. Ule mstari wangu wa 1983 siku ya mechi hakuna aliyeusoma, wewe mwenyewe uliona. Watu walikuwa wakifungua viti kwa spana na wageni wakituimbia kwamba tunahamia kucheza kwenye maegesho ya magari. Walikisoma kijitabu nyumbani. Jumatano simu ikaanza kulia.

Binti wa marehemu Stott aliniita kila jina kwenye foleni ya mchinjaji, nikasimama nikayapokea mpaka akaishiwa. Familia mbili zimeniandikia kwamba hawataki kuniona tena, na sitawajibu kwa kuwa wana haki. Bwana Priestnall alinipa ile saa ya ukutani bila hotuba. Lakini kumi na moja wamekuja bustanini. Wengine wameondoka na udongo ndani ya vyungu vya maua. Liki nimezing'oa zote na kitanda nimekipanda nyasi, mbegu ile ile ya uwanjani. Pale tulipommwaga Mama zimeota kwanza. Wiki ijayo nitazikata.

Wa mwisho kuja alikuwa mzee Ambler, juzi Ijumaa. Utamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akisimama nyuma ya Baba na kulalamika kwamba kofia ya Baba inamziba. Mke wake, Ivy, aliwekwa pale mwaka 1979. Ambler ni mmoja wa wale wanne niliowapa visanduku, na alikuja nacho kwapani. Nilijiandaa kwa lolote. Nilimweleza yote kuanzia Scarborough mpaka lori, yeye akinitazama tu. Nilipomaliza akakifungua kisanduku, akaumwaga ule udongo wa Lincolnshire njiani, akakikung'uta vizuri, akanirudishia.

Akauliza, "Sasa yuko upande gani?"

Nikamwambia sijui, Bwana Ambler, wako wote pamoja, lakini ukiketi hapa utakuwa karibu. Nikampindulia ndoo. Akaketi, akavua glavu zake, akaweka kiganja kwenye nyasi. Nikaenda kumwagilia kabichi upande wa pili ili nimwachie nafasi, ila bustani ni ndogo na yeye haongei kwa sauti ya chini kwa kuwa masikio hayasikii.

Alianza kumsimulia Ivy mechi ya mwisho, dakika kwa dakika, nani alicheza vizuri na nani ni mguu wa meza. Alimwambia watu walikuwa wengi, na jua lilitoka kipindi cha pili. Mimi na wewe tulikuwa pale, Enid, tuliona tulivyofungwa mabao mawili, na lile la pili tukajifunga wenyewe.

Alimwambia tumeshinda.

Sikumsahihisha.

Mdogo wako,
Wilf